Kuwatafutia Wanangu Msitu wa Kindi

Tuliondoka Louisville saa tisa usiku, Jumamosi ya tatu ya Agosti, siku ambayo msimu wa kuwinda kindi hufunguliwa katika jimbo la Kentucky. Binti yangu wa miaka 11 alikaa kiti cha nyuma, chupa ya chai mapajani. Mdogo wake wa miaka 9 alikuwa amelala fofofo na buti miguuni. Tangu jioni alikataa kuzivua. Tulishika barabara kuu namba 64 kuelekea mashariki, tukaipita Lexington gizani, na ilipokaribia saa kumi na mbili tulikuwa karibu na ziwa la Cave Run, ndani ya Msitu wa Taifa wa Daniel Boone.

Msitu huo una zaidi ya ekari 700,000. Ulitangazwa kuwa msitu wa taifa mwaka 1937 kwa jina la Cumberland, na mwaka 1966 ukapewa jina la Daniel Boone, mwindaji mashuhuri wa karne ya 18. Nilikuwa nimeukodolea macho kwenye ramani wiki nzima, nikajiambia kwamba msitu mkubwa kiasi kile hauwezi kukosa mahali pa kuwakalisha watoto wawili.

Kibao cha kwanza tulichokisoma kwa tochi kilitueleza kwamba upande ule ni wa silaha za kale tu: pinde, na magobore yanayoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Bunduki yetu ya marisau haikuruhusiwa. Tukarudi garini. Mahali pa pili palikuwa na mteremko mkali kama paa la nyumba; baada ya dakika kumi mwanangu alikuwa akipanda kwa mikono na miguu. Mahali pa tatu tulikuta mahema ya watu waliokuja kutembea na kulala msituni, na hakuna mwindaji mwenye busara anayefyatua bunduki karibu na mahema. Kufikia saa nne jua lilikuwa limepanda, joto limekaza, kindi wamenyamaza. Nilimkagua mwanangu nikamkuta na kupe wawili nyuma ya goti. Njiani kurudi aliniuliza, "Baba, kwani leo tulikuja kuwinda au kuhamahama?"

Niliendesha gari maili nyingi bila kumjibu.

Mimi nimekulia Urambo, mkoani Tabora, kwenye miombo. Baba yangu alikuwa mrina asali, nami nilianza kumfuata porini kabla sijaingia darasa la kwanza. Kindi nilimjua kama mwizi wa shamba. Karanga zikishapandwa, watoto tulilinda mbegu kwa manati, maana kindi mmoja huweza kufukua mstari mzima kabla hujamaliza bakuli la uji. Lakini msitu wenyewe tuliuogopa. Tulijua una mwenyewe, na mwenyewe ni serikali. Mtu aliyekutwa na nyama ya porini bila kibali aliishia mikononi mwa askari wa wanyamapori. Hata leo uwindaji Tanzania unataka leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na jirani zetu Kenya waliupiga marufuku tangu 1977.

Woga huo tumehama nao. Louisville ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, Wakongo kwa Watanzania na Warundi, na wengi wetu tunaishi miaka na miaka tukipita kando ya misitu ya umma bila kukanyaga ndani. Tunadhani ni ya watu wengine. Nisifiche kwamba mtu mweusi mgeni hujiuliza mara mbili kabla ya kuingia msitu wa mashambani akiwa na bunduki begani. Nami nilijiuliza. Lakini sikutaka wanangu warithi woga wangu katika nchi waliyozaliwa wao.

Jirani yetu mzee ndiye aliyenifungulia mlango. Alizaliwa milimani mashariki mwa Kentucky na alianza kuwinda kindi akiwa na miaka saba. Wanangu humwita Babu. Nilipomsimulia safari ya Cave Run, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Uliwatafuta kindi. Watoto hukuwatafutia kitu."

Akanyoosha kiganja chake cha kushoto, akaanza kukunja vidole. Kidole cha kwanza: gari liwe ndani ya dakika kumi na tano za mwendo wa mtoto, ili akichoka, akilowa au akitaka kujisaidia, asubuhi yote isiharibike. Cha pili: ardhi iwe tambarare au iteremke taratibu. Cha tatu: pawe na miti iliyozaa mwaka huu, maana mti uliozaa sana mwaka jana huenda mwaka huu ukawa mtupu. Cha nne: pawe na shina nene la kuegemea, kwa sababu mtoto akikaa bila egemeo hatulii hata dakika tano. Kidole gumba alikiacha mwisho, akakishika kwa mkono wa pili asikikunje upesi. "Nyuma ya miti mtakayoilenga pawe na kilima," akasema. "Kidole hiki kikikosekana, vile vinne usivihesabu."

Sababu yake ni hii. Risasi ya raifo ndogo ya .22, ile inayopendwa na wawindaji wengi wa kindi, husafiri zaidi ya maili moja ikikosa kitu cha kuizuia, na kindi hukaa juu ya tawi, kwa hiyo mtu hulenga angani. Ndiyo maana Babu hakunishauri kumpa mtoto raifo. Alinishauri bunduki ya marisau ya kipimo kidogo cha .410, yenye mtutu mmoja, ile inayokunjwa katikati kuingizwa risasi. Punje zake hazifiki mbali, na kila mlio mmoja unamlazimu mtoto kusimama, kufungua na kufikiri upya.

Sheria za Kentucky nazo nilizisoma moja baada ya nyingine. Mtoto aliye chini ya miaka 12 hahitaji leseni. Aliye chini ya miaka 16 akiwinda kwa bunduki lazima awe na mtu mzima aliye karibu kiasi cha kuweza kuishika bunduki hiyo papo hapo. Mwindaji wa miaka 12 na zaidi aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1975 anapaswa kuwa na kadi ya mafunzo ya uwindaji salama. Mimi niliipata baada ya kozi na mtihani. Kikomo ni kindi sita kwa siku kwa kila mwindaji. Kwa mgeni kuna sharti jingine linalotangulia yote hayo: ahakikishe kwamba hadhi yake ya ukaazi inamruhusu kushika bunduki, kwa sababu sheria ya nchi inawakataza wasio na vibali na wengi walio kwenye viza za muda.

Safari yetu ya pili ilikuwa bila bunduki, na mahali tulipokwenda uwindaji ni marufuku. Ni msitu wa Bernheim, huko Clermont, kusini mwa Louisville. Ulianzishwa mwaka 1929 na Isaac Wolfe Bernheim, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyetajirika kwa biashara ya wiski, akanunua ardhi iliyochoka na kuiacha iwe msitu wa watu wa Kentucky. Niliwaeleza wanangu habari hiyo makusudi. Wao walivutwa zaidi na majitu ya mbao yaliyojengwa humo mwaka 2019 na msanii Thomas Dambo wa Denmark: mama mjamzito aliyejiegemeza kwenye mti, na wanawe wawili. Lakini mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya vibao. Sehemu ya Bernheim ni bustani ya miti, na miti mingi ina jina lake shinani. Ni shule nzuri kwa mtoto anayetaka kumjua kindi, kwani kindi hutafutwa kwa chakula chake.

Mti wa kwanza kujifunza ulikuwa mhikori wenye gome lililobanduka. Vipande virefu vinaning'inia kwenye shina kama majani makavu yanavyoning'inia mgombani. Ukiuona mara moja huusahau. Mwezi wa Agosti na Septemba kokwa zake ndizo karamu ya kindi. Kisha tukaja kwenye mialoni. Mwaloni mweupe majani yake yana ncha za duara na mbegu zake hukomaa mwaka uleule. Mwaloni mwekundu una ncha kali, na mbegu zake huchukua miaka miwili. Mbegu ya mwaloni mweupe huchipua mapema ikidondoka, na kindi wa kijivu anajua hilo: kabla ya kuifukia huitafuna kiini chake, isije ikaota ikamwachia mizizi badala ya akiba. Binti yangu aliposikia hivyo alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe anaweka akiba kama bibi." Mama yangu, kule Urambo, huchambua mahindi ya kuhifadhi moja moja.

Wiki iliyofuata tulikwenda Taylorsville, mwendo wa saa moja hivi kusini mashariki mwa jiji. Hapo Mto Salt ulizuiwa na wahandisi wa Jeshi la Marekani kupunguza mafuriko, ziwa likajaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ardhi kubwa inayolizunguka ni eneo la wanyamapori linalosimamiwa na jimbo na kufunguliwa kwa wawindaji. Nilikuwa nimechapisha ramani nikatenganisha kwa kalamu nyekundu eneo la uwindaji na hifadhi ya mapumziko inayopakana nalo. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Kentucky, inayosimamia eneo hilo, haiendeshwi kwa kodi ya kawaida ya wananchi. Hutegemea ada za leseni, na fungu la kodi ya asilimia 11 inayotozwa kwenye bunduki ndefu na risasi, kodi ambayo sheria ya mwaka 1937 iliielekeza kwenye wanyamapori. Nilimwonyesha mwanangu boksi la risasi tulilonunua, nikamwambia kwamba sehemu ya bei yake imelipia njia tunayoitembea. Akanyanyua kichwa akautazama msitu kwa namna mpya.

Niliwapa kazi: watafute mahali wenyewe kwa vidole vitano vya Babu. Tulitembea taratibu kwenye bonde dogo lenye kijito. Mahali pa kwanza palipowapendeza palikuwa na mhikori mkubwa, lakini nyuma yake pakiwa wazi hadi ziwani. Binti yangu akainua kidole gumba akatikisa kichwa. Mahali pa pili palijaa majani matatu matatu ya mmea utambaao ambao wenyeji huuogopa kama sisi tunavyouogopa upupu. Tukauzunguka.

Mahali petu palipatikana saa kumi jioni, na aliyepaona ni mdogo. Aliinama akaokota kitu, akanijia na kiganja wazi. Ganda la kokwa ya hikori, bichi, la kijani, na pembeni mikato midogo ya meno, miwili miwili, safi kama iliyokatwa na patasi. Aliyeitafuna alikuwa ameondoka siku ileile, kwani upande wa ndani wa ganda ulikuwa bado mweupe na mbichi. Chini ya mti maganda yalikuwa yametapakaa kama makapi baada ya kupeta. Hatua ishirini kutoka hapo kulikuwa na mwaloni mnene wenye mizizi miwili iliyoachana mithili ya mikono ya kiti. Nyuma ya mhikori kilima kilipanda. Tulirudi hadi garini tukihesabu muda: dakika kumi na mbili.

Jumamosi ya katikati ya Septemba tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa wameshiba usingizi. Babu alikuja nasi. Sote tulivaa vizibao na kofia za rangi ya chungwa. Wakati ule sheria haikutulazimisha, ila tulitaka mtu wa mbali atuone. Suruali tulizichomeka ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Bunduki ilibebwa na mimi ikiwa imekunjwa na tupu, risasi zikiwa mfukoni mwangu hadi kila mtu alipokaa. Binti yangu alikaa katikati ya ile mizizi miwili, mimi bega kwa bega naye, mdogo wake upande wa pili na Babu.

Dakika ishirini za mwanzo hakuna kinachotokea, na mzazi asipowaandaa watoto kwa dakika hizo watakata tamaa. Msitu umesikia miguu yenu, umejifunga. Kisha taratibu unasahau. Ndege mmoja akaanza, wa pili akajibu, na kulipopambazuka vizuri tulisikia mvua ndogo ikinyesha kwenye mti mmoja tu. Ti, ti, ti juu ya majani makavu. Yalikuwa maganda ya hikori. Babu akampa mdogo sarafu mbili za senti 25, akamwonyesha kukwaruza ukingo wenye mifuo wa moja juu ya nyingine. Mlio wake ni uleule wa meno kwenye kokwa. Mtoto alikwaruza, akanyamaza, akakwaruza tena, na huko juu mkia wa kijivu ukatikisika.

Kindi wa kwanza alishuka akaja kukaa kwenye gogo kushoto kwetu, mahali pa wazi. Binti yangu alikuwa na bunduki mapajani, mtutu mbele. Hakuinyanyua. Akaninong'oneza, "Baba, upande ule ndiko njia ya kutoka garini." Ilikuwa kweli, mtu yeyote angeweza kuwa anakuja. Yule kindi alitafuna kwa utulivu, akaondoka. Nimeona mengi mazuri katika malezi ya wanangu, lakini sidhani kama kuna jambo lililonipa amani kama kutofyatua kwake.

Baada ya nusu saa mwingine aliteremka kwenye shina la mhikori kichwa chini, kilima nyuma yake. Nilitazama mtutu, nikatazama kidole cha binti yangu kilichonyooka nje ya triga hadi dakika ya mwisho. Bunduki ikalia. Kindi alianguka papo hapo. Tulibaki tumekaa hadi nilipoifungua bunduki na kulitoa ganda la risasi, ndipo tukaenda. Alimwokota mwenyewe, akampapasa manyoya ya tumboni, machozi yakamlengalenga. Sikumwambia anyamaze. Babu alivua kofia, nami nikasema kwa Kiswahili maneno ambayo baba yangu alikuwa akiyasema akifungua mzinga: tumechukua, tumeshukuru, tumeacha cha kesho.

Baadaye tulimpata mwingine, tukatoka na kindi wawili tu, ingawa sheria ilituruhusu zaidi. Saa tatu watoto walikuwa kijitoni wakipindua mawe. Babu alinifundisha kuchuna wakati mwili ungali na joto, nikiwa na glavu mkononi, kwa sababu wanyama wadogo wa porini huweza kubeba maradhi. Mmoja alikuwa na uvimbe begani wenye funza chini ya ngozi, na mwanangu akaruka nyuma. Nilimweleza kwamba kwetu yuko nzi wa maembe afanyaye vivyo hivyo kwa watu na mbwa. Huyu wa kindi hukaa kwenye ngozi na nyama haiathiri. Wawindaji wengi husubiri baridi ya kwanza kwa sababu yake.

Nyumbani mke wangu aliwachemsha kwa tangawizi na kitunguu saumu hadi nyama ikaanza kuachia mfupa, maana kindi mzee hukaza kama jogoo wa kienyeji. Kisha akawaunga kwa karanga za kusaga, tukala kwa ugali. Babu alikula nasi, akatusimulia juu ya burgoo, mchuzi mzito wa Kentucky ambao zamani ulitiwa nyama ya kindi pamoja na mboga za shambani. Karanga zile ambazo niliwahi kuzilinda dhidi ya kindi, siku hiyo zilimpikia kindi, nami nilitamani baba yangu angekuwepo mezani.

Mzazi mwenzangu unayeishi karibu na misitu hii, nakusihi mambo mawili. Nenda na wanao wiki moja kabla, bila bunduki, uwaache wachague mahali wao na wewe uangalie kilima. Na usianzie kwenye msitu unaosifiwa. Anzia ulio karibu, ambao mtoto anaweza kurudi kuutazama Oktoba majani yakigeuka rangi na Januari theluji ikionyesha nyayo. Msimu hauishi hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia siku ya kwanza kama nilivyofanya mimi.

Mwaka huu binti yangu ametimiza miaka 12. Amefanya kozi ya usalama, amepata kadi yake na leseni ya kwanza yenye jina lake. Mahali tutakapokaa amepachagua mdogo wake.